Almeda Hakuanguka Mtaroni

Watu wa Corley wakikwambia kwamba shule zao hufungwa kwa sababu ya theluji, wanakudanganya. Theluji huanguka Corley kuanzia kabla ya Sikukuu ya Shukrani mwezi Novemba mpaka Pasaka, na kama theluji ndiyo ingekuwa inafunga shule, watoto wa bonde lile wasingejua kusoma hata majina yao wenyewe. Shule hufungwa pale Afisa Elimu wa wilaya anapopeleka habari redioni kwamba imefungwa. Na Afisa Elimu hapeleki habari yoyote mpaka kwanza ampigie simu Almeda Stoddard.

Almeda hakuwa na cheo. Alikuwa mjane wa Orrin Stoddard, anakaa juu kabisa ya Kilima cha Quimby na paka mmoja mnene asiyempenda mtu. Zamani aliendesha basi la shule kwenye njia hiyo hiyo ya Quimby, njia mbaya kuliko zote wilayani. Mteremko wake ni mkali, kona yake imepinda kama mkono uliovunjika ukaungwa vibaya, na pembeni kuna mtaro unaoweza kumeza ng'ombe na pembe zake. Afisa Elimu wa wakati ule alikuwa binamu yake, na theluji ikianguka alimuuliza yeye kwanza, maana kama Quimby panapitika, kote panapitika. Basi Almeda akazeeka, wakamnyang'anya basi, lakini simu haikuacha kulia. Binamu akastaafu, akaja Afisa mwingine, simu ikalia. Hakuna aliyeandika popote kwamba iwe hivyo. Ikawa tu.

Kazi yenyewe ilikwenda hivi. Alfajiri, bado giza, Almeda anavaa buti na koti la marehemu, anaingia kwenye pikapu yake nyekundu, anashuka kilima mpaka darajani, anageuza, anapanda. Barabara siku zote ilikuwa na mchanga mchanga kidogo juu ya theluji, na matairi yalishika vizuri. Almeda hakuwahi kujiuliza mchanga huo unatoka wapi. Aliona ni tabia ya barabara. Akirudi nyumbani anakaa mezani na kahawa na donati, simu mbele yake. Ikilia anaiacha ilie kwanza, Afisa asije akadhani hana shughuli.

"Quimby vipi?"

"Panapitika."

Hajawahi kujibu neno lingine. Wilaya za jirani zinafunga, maafisa wao wanapigiana simu kuulizana nani ataanza ili asichekwe peke yake, na Corley wako darasani wanafanya hesabu. Almeda alikuwa na hoja yake. Kila siku inayofungwa inalipwa mwezi Juni, na Juni watoto wanatakiwa wawe mtoni, siyo kwenye madawati wanatokwa jasho. "Nawawekea Juni yao," alisema. Watoto hawakumwona hivyo. Usiku wakisikia theluji inakuja, walivaa nguo za kulalia zikiwa zimegeuzwa, ndani nje, walilaza kijiko chini ya mto, walitupa vipande vya barafu chooni wakavuta maji, yote hayo ili shule ifungwe. Na wazazi wao, ambao nao walifanya hivyo hivyo enzi zao, waliwaambia, "Endeleeni tu. Lakini mjue juu kule yuko Almeda."

Wengine walijaribu rushwa. Kila redio ikitabiri dhoruba, pai za tufaha zilipanda kilima. Mwalimu mmoja wa hesabu, mtu mzima na ndevu zake, alileta pai ya maboga akasimama mlangoni akisema hewa inanukia theluji nyingi, sivyo, Bi Almeda? Almeda alipokea pai zote, akazila zote, na asubuhi akasema panapitika. Siku moja Hattie Ouellette, kibinti cha darasa la pili, alimkazia macho dukani.

"Bibi, kwani wewe hukuwahi kuwa mtoto?"

"Nilikuwa," Almeda akamjibu. "Nikaacha."

Basi kiangazi kimoja akaja Afisa Elimu mpya, Curtis Pruitt, mtu wa Georgia, kusini huko ambako theluji wanaiona kwenye kadi za Krismasi. Mtu mpole, ana shahada mbili na koti jembamba. Novemba, chembe ya kwanza ilipodondoka, simu ya Almeda ililia kabla hata hajavaa soksi.

"Bi Almeda, inaanguka! Nifunge?"

"Nini kinaanguka?"

"Theluji!"

Almeda akafungua pazia. "Hiyo si theluji, mwanangu. Hapo mbingu inajikuna tu. Vaa viatu uende kazini."

Pruitt alimsikiliza. Lakini alikuwa mtu wa kupenda uhakika, na uhakika wake aliutaka kwenye kioo cha kompyuta. Akapendekeza kamera iwekwe juu ya nguzo pale penye kona ya Quimby, aione barabara akiwa kwake. Jambo hilo lingepigiwa kura na wakazi wote kwenye mkutano wa mji, Machi. Na wa kwanza kuliunga mkono, mbele ya watu dukani, alikuwa Clovis Ouellette, babu yake Hattie, dereva wa lori la kusukuma theluji.

"Kamera haina kiburi," Clovis alisema. "Itaona kilichopo. Siyo kama wengine, wanaona wanachotaka."

"Na akili pia haina," Almeda akasema. "Mtapatana."

Tangu siku hiyo hawakusalimiana. Clovis akipita na lori lake anapiga honi ndefu, Almeda anamwonyesha ngumi dirishani, basi.

Jambo ambalo Almeda hakumwambia mtu ni kwamba simu ile ndiyo iliyokuwa ikimtoa kitandani. Tangu Orrin afe, hakuna binadamu mwingine aliyekuwa akimuuliza kitu asubuhi kisha akanyamaza kusubiri jibu. Paka haulizi. Na alijua watu wa Corley walivyo. Akitamka hapapitiki hata mara moja tu kabla ya Machi, watasema bibi kaisha huyo, leteni nguzo. Kwa hiyo aliapa, mbele ya paka, kwamba hatalitamka.

Ndipo ikaja siku yenyewe, Februari. Jioni ilinyesha mvua juu ya theluji, kisha baridi ikashuka ghafla. Alfajiri Almeda alipotoka, kila kitu kilikuwa kimepakwa kioo: ngazi, ua, matawi, hata kamba ya kuanikia nguo. Aliweka buti moja nje, buti likaondoka bila yeye. Akajishika mlangoni.

"Upuuzi," alimwambia paka. "Theluji yenyewe hata kifundo cha mguu haifiki."

Akatambaa na ukuta mpaka kwenye pikapu. Akawasha, akashuka. Mwanzoni mambo yalikwenda, mazuri tu, pikapu ikiteremka yenyewe bila kelele, na Almeda akasema moyoni kwamba Clovis angemwona sasa hivi angekula kofia yake. Kisha taa zikamulika mbele akaona kitu ambacho hakuwahi kukiona. Barabara haikuwa na mchanga. Hata punje. Na kona ilikuwa inakuja.

Alishika breki, na hilo ndilo kosa ambalo yeye mwenyewe alikuwa akiwakaripia madereva vijana kwa kulifanya. Pikapu ikageuka polepole, kwa madaha, kama bibi harusi anayewaonyesha watu gauni. Almeda akaiona nyumba yake ikipita dirishani, akaliona daraja kule chini, akaiona tena nyumba yake. Halafu kishindo, kisha kimya. Mkia wa pikapu ulikuwa mtaroni, pua imeinuka juu, na gari zima limekingama barabarani kama kizuizi cha polisi. Palipotakiwa kuwa na barabara mbele ya kioo, palikuwa na nyota.

Alijipapasa. Hakuna kilichovunjika. Donati aliyokuwa ameifunga kwenye leso ilikuwa imekaliwa.

Simu ikalia mfukoni.

"Habari za alfajiri, Bi Almeda. Quimby vipi?"

Almeda akaziangalia nyota. Mdomo ukajibu wenyewe, kama mguu wa farasi mzee unaoijua njia ya zizini.

"Panapitika."

"Afadhali! Wenzangu wote wanataka kufunga, lakini nikawaambia ngojeni nimsikie bibi. Basi shule ipo." Akakata.

Almeda akakaa. Wazo la kwanza lililomjia lilikuwa la aibu. Basi la shule litapanda, litamkuta hapa, na madirishani kutakuwa na nyuso zimebanwa kwenye vioo, zinacheka mpaka zinatoa ukungu. Wazo la pili lilikuja taratibu, lakini lilipofika lilikaa zito. Basi litapanda juu ya kioo hiki hiki. Zamani aliliendesha yeye, uzito wake aliujua mikononi. Likianza kurudi nyuma halisimamishwi na mtu, na watoto wadogo hukaa viti vya nyuma kwa sababu ndivyo vinavyowarusharusha.

Akampigia Pruitt. Simu inatumika. Akapiga tena. Inatumika. Bila shaka anawapigia wenzake, anajitapa kwamba Corley wako wazi. Almeda akafungua mlango ateremke kwa miguu akalizuie basi darajani. Alipiga hatua moja. Hatua ya pili aliipiga kwa makalio, akateleza mpaka akakumbatia tairi la mbele, akabaki hapo akilitukana kwa majina ambayo Orrin alimfundisha. Akajivuta akarudi ndani, buti moja limejaa barafu. Akapiga tena. Safari hii ikaitika.

"Bwana Pruitt. Kuna gari limeziba njia."

"Quimby? Gari la nani?"

"La mtu tu."

"Mtu gani anaendesha saa hizi kwenye barafu?"

"Mpumbavu fulani."

"Masikini. Ameumia?"

"Hajaumia. Ana hasira."

"Basi nimwite Clovis aje amvute..."

"Clovis asiitwe!"

Pruitt alikuwa mtu wa kusini, lakini si mjinga. "Bi Almeda," akasema taratibu, "uko wapi sasa hivi?"

"Nimo ndani ya gari."

"Gari lipi, mama?"

"Hilo hilo."

Almeda alisubiri kicheko, na kama kingekuja angekata simu na kurudi kulitukana tairi lile. Hakikuja.

"Mama, mimi huku bado mgeni," Pruitt akasema. "Redio wananisubiri. Niambie wewe, niwaambie nini?"

Neno lilikwama. Lilikuwa halijawahi kupita njia ile, halikuijua. Akilini Almeda aliona nguzo ya kamera imesimama pale kwenye kona na jicho lake la kioo. Akaona Machi. Akaona meza, kahawa, na simu isiyolia. Kisha akaona viti vya nyuma.

"Funga," akasema.

"Sikusikia vizuri, mama."

"Umesikia! Nimesema funga shule! Sirudii tena mpaka nife!"

"Nafunga. Na asante. Na Clovis simwiti, nakuja mwenyewe." Akakata, na Almeda akavuta blanketi la farasi lililokuwa nyuma ya kiti, akajifunika mpaka kichwani, akingoja Machi.

Hakujua kilichokuwa kinatokea bondeni. Kulipokuwa kunapambazuka alisikia mngurumo chini ya kilima, na mlio ule wa lori linalorudi nyuma. Clovis alikuwa anapanda kinyumenyume, akimwaga mchanga mbele ya matairi yake mwenyewe, namna pekee ya kupanda Quimby ikiwa kioo. Almeda akajikunja chini ya blanketi asionekane. Lori likasimama. Mlango ukafunguka. Nyayo zikaja, zikasimama karibu na dirisha. Kisha mtu akapenga kamasi.

"Basi ndiyo umekwenda, Almeda," Clovis akasema, sauti imevunjika. "Niliposikia redioni Corley imefungwa, nilijua. Nikamwambia mke wangu, Almeda amekufa, maana akiwa hai shule haifungwi."

Chini ya blanketi Almeda akafungua macho yote mawili.

"Ulikuwa mkaidi kuliko nyumbu," Clovis akaendelea. "Na ulimi wako, Mungu akulaze pema, ulikuwa na meno. Lakini nakuapia, miaka yote hii Quimby ndiyo niliyoanza nayo. Kabla ya hospitali, kabla ya kanisa. Nilikuwa namwaga mchanga hapa kabla hujaamka, nikizima taa nisikuamshe, kwa sababu nilijua utashuka tu, hata kukiwa na nini. Leo tu ndiyo betri ya lori imeganda, nikachelewa. Leo tu. Na leo ndiyo umekufa."

Blanketi likaruka.

"Ala! Kumbe ni wewe?"

Clovis alipiga kelele moja ambayo haimfai mtu mzima, miguu ikamtangulia, akakaa chini, akaondoka amekaa vivyo hivyo mpaka tairi la lori lilipompokea.

"Uko hai!"

"Niko hai! Na wewe umekuwa ukinifagilia njia kama mtoto wa chekechea! Miaka yote hiyo nadhani ni mimi!"

"Ulikuwa wewe, ulikuwa wewe. Mimi nilimwaga mchanga tu. Sasa unafanya nini mtaroni?"

"Mtaroni yuko nani? Nimeegesha."

Clovis akaitazama pikapu, pua yake inaelekea mbinguni. Akatazama mtaro. "Umeegesha," akasema.

"Nimeegesha. Nivute niondoke."

Lakini hakupata nafasi ya kumvuta, maana juu ya mchanga ule mpya watu walikuwa wanapanda. Wanawake wa Corley huwa na bakuli la msiba, chakula kilichopikwa tayari kwa wafiwa, kwenye friza muda wote, na asubuhi ile mabakuli yote yalitoka. Walikuja na makoti meusi, maharage ya kuoka, makaroni ya jibini, paja la nguruwe limefungwa kwenye karatasi. Mwalimu wa hesabu alikuja na pai. Nyuma yao watoto, kila mmoja na kibao chake cha kutelezea, na nyuso ambazo hazikujua zilie au zicheke. Mwisho kabisa alikuja Pruitt, anahema, koti jembamba, gari lake limekwama darajani.

Almeda alikuwa amesimama juu ya ngazi ya pikapu, mkono kiunoni.

"Nani amekufa?"

Watu wakatazama mabakuli yao. Hattie Ouellette ndiye aliyejibu.

"Wewe, bibi."

"Nani kasema?"

"Redio."

"Redio imesema nimekufa?"

"Imesema shule imefungwa."

Hapo hata Pruitt alishindwa kujizuia. Almeda aliwaacha wacheke, kisha akaanza kukagua mabakuli, moja moja, akifunua vifuniko. Alipofika kwa Arlene Tuttle akasimama.

"Nini hii?"

"Ni... ni samaki wa kopo na tambi, Almeda."

"Msiba wangu mimi, Arlene. Mimi. Umeniletea samaki wa kopo."

"Nilikuwa na haraka! Na nilidhani hutaonja!"

Walikula jikoni kwake, wote, na samaki wa Arlene waliliwa pia. Watoto waliteleza Quimby mpaka giza likaingia, na kila mmoja aliyepita dirishani alimpungia Almeda mkono. Alikuwa amewapa kile walichokuwa wakikiomba kwa vijiko na pai tangu wazaliwe, na wao hawakujali alivyokipata. Almeda hakuwapungia. Alikuwa anawaza Machi.

Machi ikafika, mji ukajaa ukumbini, Pruitt akaeleza habari ya kamera kwa sauti ndogo, bila kumtazama mtu. Clovis akaomba kusema.

"Kamera hii, nikipitisha lori vibaya pale kwenye kona, itanitukana?"

"Hapana, Bwana Ouellette. Inapiga picha tu."

"Haitanionyesha ngumi?"

"Haina mikono."

"Basi nitajuaje kama nimefanya kazi?" Clovis akakaa. "Mimi nimebadili mawazo."

Wakapiga kura kwa mikono. Waliokataa kamera walikuwa wengi, na Almeda alinyoosha miwili mpaka mwenyekiti alipomwambia mmoja unatosha.

Theluji nyingine ilianguka wiki hiyo hiyo, nzito, ya majimaji. Simu ikalia. Almeda aliiacha ilie kwanza.

"Quimby vipi, Bi Almeda?"

Alitazama dirishani. Chini kule taa ya njano ilikuwa inapanda kinyumenyume, na safari hii haikuzimwa.

"Sijui bado," akasema, na neno hilo lilimkwaruza koo kama mfupa wa samaki. "Clovis hajafika kwenye kona. Nipigie nikimaliza kahawa."

"Sawa, mama."

"Na Bwana Pruitt."

"Naam?"

"Siku ile nilikuwa nimeegesha."

"Ndiyo, mama," Pruitt akasema. "Uliegesha vizuri sana."